Bunduki Katika Msitu wa Umma: Sheria Ipime Mahali na Mwenendo

Mkazi wa Iringa akikutana na mtu mwenye bunduki msituni huwa na majibu machache ya kuchagua: ni askari wa misitu, ni mwindaji mwenye leseni, au ni jangili. Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, majibu yanapungua zaidi. Bunduki humwambia mtazamaji kwamba hapo pana mamlaka au pana uhalifu. Katika misitu ya taifa ya Marekani hesabu hiyo haitoi jibu. Mtu anayepanda mlima huku bastola ikining'inia kiunoni, kila mpita njia akiiona, anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo au mwokota uyoga, na katika majimbo mengi askari wa misitu akipishana naye hana sababu ya kisheria ya kumsimamisha. Eneo lenyewe ni kubwa: ekari zipatazo milioni 193, sawa na hekta milioni 78, yaani kubwa kuliko Kenya nzima. Hoja ya makala haya ni kwamba sheria inayotawala silaha katika ardhi hiyo imepatia jambo moja na kukosea jingine. Imepatia kwa kutomfanya mtu mhalifu kwa sababu tu amebeba bunduki porini. Imekosea kwa kuuona msitu wote kama mahali pa aina moja, wakati eneo la kambi lenye watoto na bonde lisilo na njia ni sehemu mbili ambazo hazifanani kwa lolote isipokuwa jina la mmiliki.

Kwanza tuzitazame kanuni zenyewe, kwa kuwa wengi wanaozibishania hawazijui. Idara ya Misitu ya Marekani, ambayo iko chini ya Wizara ya Kilimo, haina kanuni ya jumla inayokataza raia kubeba bunduki msituni, iwe imefichwa au inaonekana. Suala la nani abebe nini, na kwa namna gani, limeachiwa sheria ya jimbo ambalo msitu umo. Kinachodhibitiwa na serikali ya shirikisho ni kufyatua. Sehemu ya 261 ya Juzuu ya 36 ya Kanuni za Shirikisho inakataza kupiga risasi ndani ya yadi 150, takriban mita 137, kutoka kwenye makazi, jengo, kambi, eneo la mapumziko lililojengwa au mahali palipo na watu. Inakataza pia kupiga risasi kuvuka barabara ya msitu au maji yaliyo kando yake, ndani ya mapango, na popote ambapo mtu au mali inaweza kudhurika. Juu ya hapo kuna sheria ya jinai inayozuia silaha ndani ya majengo ambamo watumishi wa shirikisho hufanya kazi mara kwa mara. Ndiyo maana mlango wa ofisi ya msitu huwa na tangazo la kukataza silaha. Mpanda mlima anayetaka kununua ramani huiacha bastola garini, anaingia, analipa, anatoka na kuivaa tena. Choo kilichojengwa mwanzoni mwa njia, ambacho hakina mtumishi anayekaa humo, hakihesabiwi kuwa jengo la namna hiyo.

Mpangilio huu haukutokea kwa bahati. Sheria ya mwaka 1891 ilimruhusu rais kutenga misitu ya akiba, na mwaka 1905 misitu hiyo ilikabidhiwa Idara ya Misitu chini ya Gifford Pinchot, mtu aliyeamini kwamba msitu unahifadhiwa ili utumike. Sheria ya mwaka 1960 iliandika falsafa hiyo waziwazi: mbao, malisho, maji, wanyamapori na mapumziko ya watu vyote vina nafasi yake. Kwa hiyo tangu mwanzo msitu wa taifa ulikuwa mahali pa kazi. Mchungaji wa ng'ombe, mkata miti, mchimba madini na mwindaji waliingia na bunduki kama walivyoingia na shoka. Hifadhi za taifa zilikwenda njia nyingine. Huko wanyama hawawindwi, mgeni ni mtazamaji, na bunduki haina kazi ya kufanya. Kwa miongo mingi hifadhi hizo zilibana silaha, na kanuni ya mwaka 1983 ilitaka bunduki iwe imetolewa risasi na kufungashwa ili isitumike kwa haraka. Mwaka 2008, siku za mwisho za utawala wa George W. Bush, serikali ililegeza kanuni hiyo. Jaji wa shirikisho akaisimamisha Machi 2009, lakini miezi miwili baadaye Bunge likapitisha kifungu kilichopachikwa kwenye sheria ya kadi za benki, na kuanzia Februari 2010 hifadhi nazo zikafuata sheria za majimbo. Hivyo utaratibu uliozaliwa katika ardhi ya kazi ukahamia hata kwenye ardhi ya kutazama, na hakuna aliyesimama kuuliza kama sababu zilizouzaa zilihama nao.

Kuliachia jimbo kunaonekana rahisi mpaka mtu atembee. Msitu wa Humboldt-Toiyabe, mkubwa kuliko yote nje ya Alaska, uko sehemu kubwa Nevada na sehemu California. Upande wa Nevada mtu mzima asiyezuiwa na sheria huvaa bastola wazi bila kibali. Upande wa California mambo yanageuka. Kosa la kubeba bunduki yenye risasi nje ya miji hutegemea kama hapo kufyatua kumekatazwa, lakini hema likishasimikwa, sheria ya jimbo huihesabu kambi kuwa makazi ya muda, na ndani ya makazi hayo mtu anaruhusiwa kuwa na silaha iliyojazwa. Virginia ina utaratibu wake: katika misitu ya taifa, nje ya misimu ya uwindaji, bunduki inatakiwa iwe haina risasi na imefungwa mfukoni, isipokuwa kwa mwenye kibali cha bastola. Florida ilikataza kubeba silaha wazi tangu mwaka 1987 lakini ikawasamehe wawindaji, wavuvi na wapiga kambi. Matokeo yake, katika msitu wa Ocala mwenye ndoana mkononi alikuwa halali na bastola yake, na aliyekuja kutembea tu alikuwa mkosaji. Watetezi wa silaha waliuona mwanya huo wakawa wanaitisha mikutano ya kuvua samaki wakiwa na bastola viunoni, mpaka Septemba 2025 mahakama ya rufaa ya jimbo ilipotamka kwamba marufuku hiyo inakiuka Katiba. Njia ya Appalachia inapita majimbo 14 kwa urefu wa kilomita zipatazo 3,500, na anayeitembea yote na bunduki huivuka mipaka hiyo bila mlinzi wala lango la kumwambia kwamba kilichokuwa haki yake jana leo ni kosa.

Jambo hili linawagusa pia wasomaji wa Kiswahili walioko huko. Miji ya Boise, Idaho, na Missoula, Montana, imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, na miji yote miwili imepakana na misitu ya taifa katika majimbo yenye sheria legevu za silaha. Anayesikia kwamba huko kila mtu hubeba anaweza kuamini kwamba naye yumo kwenye hiyo "kila mtu". Sheria ya shirikisho haisemi hivyo. Asiye na ukaaji halali haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, na aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, naye amezuiwa, ingawa kuna misamaha michache, mmojawapo ukiwa kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Mkimbizi aliyekubaliwa rasmi na mkaazi wa kudumu hawamo katika katazo hilo. Kwa hiyo vijana wawili wanaoweza kuwa ndugu, mmoja amekuja kama mkimbizi na mwingine kama mwanafunzi, wakipokezana bastola ileile kwenye njia ya msitu, mmoja anafanya jambo halali na mwenzake anatenda kosa zito la shirikisho linaloweza kumpeleka jela na kumfukuzisha nchini. Hakuna kibao mwanzoni mwa njia kinachomweleza tofauti hiyo.

Pamoja na ugumu wote huo, wazo la msingi la kuadhibu kufyatua badala ya kubeba lina nguvu, na ushahidi wake uko kwenye madhara yaliyokwisha kutokea. Julai 2015, katika msitu wa Pike huko Colorado, mwanamume aliyekuwa amepiga kambi na familia yake aliuawa kwa risasi iliyopotea. Aprili 2017, kusini mwa Arizona, mlipuko wa shabaha yenye baruti iliyopigwa risasi kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto ulianzisha moto uliounguza karibu ekari 47,000 na kuingia hadi ndani ya msitu wa Coronado. Katika visa vyote viwili kosa lilikuwa pale bunduki ilipoelekezwa na wakati ilipofyatuliwa, na kama silaha ilivaliwa wazi au ilifichwa halikuwa na uzito wowote. Risasi haina habari kama iliyoitoa ilikuwa chini ya koti au juu yake. Ndiyo maana mkuu wa msitu ana mamlaka ya kutoa amri za kufunga maeneo kwa wapiga shabaha na kuzuia shabaha za mlipuko wakati wa ukame, na ndiyo maana hata sheria ya mwaka 2019 iliyopewa jina la mbunge John Dingell, iliyotamka kwamba ardhi ya shirikisho iwe wazi kwa uwindaji na upigaji shabaha, iliacha nafasi ya kufunga maeneo kwa sababu za usalama. Anayejali uhai wa watu msituni aanze na risasi, na kanuni imeanza hapo.

Lakini kuanza hapo hakuna maana ya kuishia hapo. Bunduki inayoonekana hufanya kazi hata kabla haijafyatuliwa, na kazi hiyo hubadilika kulingana na mahali ilipo. Januari 2016 kundi la watu wenye silaha liliteka ofisi za hifadhi ya wanyamapori ya Malheur, Oregon, likakaa humo siku 41. Mwaka uliotangulia, wanaume wenye bunduki walijikusanya kwenye mgodi ndani ya msitu wa Helena, Montana, wakidai wanamlinda mchimbaji katika mgogoro wake na Idara ya Misitu. Malheur si msitu wa taifa, na matukio yote mawili si matembezi ya kawaida, lakini yanaonyesha kitu ambacho kanuni inayohesabu risasi peke yake haikioni: bunduki ndefu iliyobebwa wazi inaweza kuwa ujumbe, na ujumbe huo unaweza kuifanya ardhi ya wote iwe ya waliobeba. Kesi ya Malheur ilithibitisha ugumu wa kulithibitisha hilo baadaye mahakamani. Oktoba 2016 baraza la wazee wa mahakama liliwaona washtakiwa saba wa kwanza hawana hatia ya kula njama ya kuwazuia watumishi wa serikali, ingawa baadhi ya wenzao walipatikana na hatia katika kesi nyingine.

Hakuna haja ya uvamizi ili ujumbe huo ufike. Eneo la kambi lililojengwa lina meza, majiko ya mkaa, bomba la maji na vipande vya ardhi vilivyopangwa mita chache kimoja kutoka kingine. Anayekuja na watoto akamkuta jirani ameketi na bunduki ya mtindo wa kijeshi mapajani, kasha la risasi likiwa limechomekwa, hana njia ya kujua kama jirani huyo anaisafisha, anajigamba au amelewa. Atafanya alivyofundishwa na methali, mwenye nguvu mpishe: atakunja hema aondoke, au atakaa bila kulala. Msitu ni wa umma kwa sheria, ila matumizi yake yamepungukiwa. Wala athari hiyo haigawanyiki sawasawa. California yenyewe ilianza kubana ubebaji wa silaha zilizojazwa mwaka 1967, baada ya wanachama wa Black Panther kuanza kuzunguka mitaani na bunduki wakiwafuatilia polisi, na Gavana Ronald Reagan akatia saini. Historia hiyo inafundisha kwamba Wamarekani wamekuwa wakiisoma bunduki kwa kutazama nani ameishika. Mweusi mwenye bastola kiunoni kwenye njia ya msituni hana hakika kwamba wanaomwona watamdhania mwindaji, na Mweusi asiye na silaha anayekuta kundi lenye silaha hana hakika kwamba hamaanishwi yeye.

Je, Katiba inaruhusu kutofautisha? Tangu uamuzi wa Heller wa mwaka 2008, Mahakama ya Juu inalisoma Rekebisho la Pili la Katiba kama haki ya mtu binafsi ya kuwa na silaha, na katika Bruen, Juni 2022, ilitamka kwamba haki hiyo inatoka nje ya nyumba na kwamba kizuizi chochote lazima kiendane na mapokeo ya kihistoria ya kudhibiti silaha. Wengi walidhani hapo mjadala umekwisha. Ukweli ni kwamba mapokeo hayo yanasaidia hoja ya mahali na mwenendo kuliko yanavyosaidia pande mbili zinazogombana. Kesi ya Huntly ya North Carolina, mwaka 1843, ilisema kwamba kubeba bunduki kwa shughuli au burudani halali si kosa, lakini kujihami kwa silaha ili kuwatisha watu ni kosa. Juni 2024, katika Rahimi, Mahakama ya Juu kwa kura nane dhidi ya moja iliegemea sheria za kale za namna hiyohiyo, na ikaonya kwamba kinachotafutwa ni kanuni ya msingi, hakuna ulazima wa kupata pacha wa sheria ya sasa katika karne ya 18. Kuhusu mahali, bustani za miji mikubwa zilianza kukataza silaha katika karne ya 19, na mahakama za rufaa za shirikisho zimekubali baadhi ya makatazo ya leo ya bustani kwa msingi huo. Jimbo la New York, lililotunga sheria kali baada ya Bruen, lenyewe liliondoa misitu yake ya akiba ya Adirondack na Catskill katika tafsiri ya bustani ya umma. Bunge lililotaka kukataza silaha karibu kila mahali lilitambua kwamba mlima si bustani ya mjini.

Kutokana na haya, kanuni ninayoipendekeza si ngumu. Katika msitu ambao haujajengwa, kwenye njia za milimani, barabara za wawindaji na maeneo ya malisho, mambo yabaki yalivyo: sheria ya jimbo itawale ubebaji, na kanuni ya shirikisho itawale ufyatuaji. Katika maeneo ya mapumziko yaliyojengwa, yaani kambi zenye meza na vipande vilivyopangwa, sehemu za pikiniki na gati za boti, bunduki ndefu itolewe risasi au ifungwe mfukoni, isipokuwa ndani ya hema au gari la mwenyewe. Bastola ikae kwenye ala yake kwa mujibu wa sheria ya jimbo. Mwindaji anayepita hapo kwenda porini ataijaza bunduki yake akishatoka, kama ambavyo tayari haruhusiwi kuifyatua hapo. Na jambo la tatu, kanuni za msitu, ambazo leo zinakataza waziwazi kumtishia afisa wa msitu aliye kazini, zimlinde kwa maneno hayohayo mgeni wa kawaida, ili asitegemee sheria ya jimbo alilolifikia jana. Mipaka ya maeneo hayo haihitaji kubuniwa upya, kwa sababu kanuni ya yadi 150 imeshayatambua kuwa ni sehemu za watu.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaosema kwamba hatari haisomi ramani. Dubu huingia kambini kwa harufu ya chakula, na katika misitu ya California wapo waliokutana na mashamba ya bangi yanayolindwa na watu wenye silaha. Ni kweli, na ndiyo sababu pendekezo halimnyang'anyi mtu bastola yake popote ambapo jimbo linairuhusu. Kuhusu dubu, ushahidi hauna makali ambayo mzozo unayaonyesha. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao walichunguza matukio 269 ya Alaska ambamo watu walikuwa na bunduki walipokabiliwa na dubu. Bunduki ziliwafukuza au kuwaua dubu mara nyingi, lakini kiwango cha watu kuumia hakikutofautiana kati ya waliozitumia na ambao hawakuzitumia. Utafiti wao wa awali, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha dawa ya pilipili ya kunyunyizia ikimzuia dubu katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio. Hili halithibitishi kwamba bunduki haina faida kwa anayejua kuitumia. Linathibitisha kwamba hoja ya dubu haiwezi kubeba uzito wa kudai bunduki ndefu iliyojazwa juu ya meza ya pikiniki, hatua chache kutoka kwenye meza ya jirani.

Pingamizi la pili ni la kanuni: kwa nini haki yangu ipunguzwe kwa sababu jirani ana hofu? Haki inayotegemea hisia za mtazamaji haitadumu, na hofu, kama historia ya mwaka 1967 inavyoonyesha, mara nyingi ina rangi. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake ni kwamba pendekezo halimwulizi jirani anajisikiaje. Linauliza maswali mawili yanayoweza kujibiwa na mtu yeyote mwenye macho: je, hapa ni eneo lililojengwa, na je, bunduki hii ndefu ina risasi? Kanuni ya aina hiyo inambana Mzungu na Mweusi kwa kipimo kimoja, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu utaratibu wa sasa, ambapo afisa asiye na kanuni bayana ya kushika huamua kwa macho yake nani anatia shaka. Ama kuhusu vitisho, sheria imezoea kutofautisha kati ya kumwogopa mtu na kutishwa naye. Mahakama ya North Carolina iliweza kuchora mstari huo mwaka 1843 kwa kutazama maneno na matendo ya mshtakiwa.

Upande wa pili kuna wanaoona pendekezo hili ni dogo mno: kwa nini kusikatazwe silaha zote msituni, au zibanwe kama ilivyokuwa katika hifadhi za taifa? Kwanza, msitu wa taifa ni ardhi ya uwindaji, na katazo linaloacha msamaha kwa mwindaji hurudi palepale pa Florida, ambapo ndoana ilikuwa kibali. Kila mtu angenunua leseni ya sungura na kuendelea kama kawaida. Pili, wenye bunduki si wageni waliojipenyeza katika uhifadhi. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya bunduki ndefu na risasi, leo asilimia 11, na baadaye ya bastola, asilimia 10, imekuwa ikigharimia utunzaji wa wanyamapori na makazi yao katika majimbo. Kuwafungia mlango watu hao kungeondoa mhimili mmoja wa uhifadhi wenyewe. Tatu, katazo la ekari milioni 193 lingetegemea maafisa wa sheria mia kadhaa tu. Sheria isiyoweza kusimamiwa huwabana watiifu peke yao na kuwaacha walevi wa silaha wakiwa huru kuliko mwanzo.

Huenda mtu akauliza kama hoja hiyo ya uchache wa maafisa haivunji pendekezo langu pia. Haivunji, kwa sababu kambi zilizojengwa ni sehemu ndogo ya msitu, zina mlango, zina ada, zina msimamizi anayepita kukusanya malipo, na zina majirani ambao wako tayari kupiga simu. Humo kanuni huonekana kwenye kibao na utekelezaji wake huanza kwa maneno matupu: tafadhali itoe risasi, iweke garini. Wengi wa wenye bunduki, ambao usalama wa silaha wamefundishwa tangu utotoni, watakuwa wameshafanya hivyo kabla ya kuambiwa. Wala kudai kwamba mambo yote yaachiwe jimbo hakujibu lolote, kwani ardhi hii ni ya Wamarekani wote na serikali ya shirikisho imeshajitwalia jukumu la usalama wa maeneo hayo ilipochora yadi 150 kuzunguka kila kambi bila kujali jimbo. Anayeweza kuamua risasi isipigwe wapi anaweza pia kuamua bunduki ndefu ijazwe wapi.

Mamlaka ya kuanza yapo. Wakuu wa misitu hutoa amri za maeneo kila kiangazi kuhusu moto, na amri ya namna hiyo kwa kambi zenye msongamano mkubwa ingeruhusu kanuni ijaribiwe, ipingwe mahakamani na irekebishwe kabla ya kuandikwa kwa nchi nzima. Kutofanya lolote nako ni uamuzi, na wanaoamua badala ya Idara ni mahakama za majimbo na mabunge yao, ambayo hutunga sheria za silaha yakifikiria mitaa ya miji, kisha msitu ukazipokea kama zilivyo. Mtu aliyebeba bastola kilomita 20 ndani ya milima ya Montana hana la kujieleza kwa yeyote. Mtu huyohuyo akiiweka bunduki ndefu yenye risasi kwenye meza ya pikiniki, pembeni ya familia asiyoijua, ana la kujieleza, na kanuni ya msitu ndiyo inayopaswa kumwuliza, badala ya kuiachia familia hiyo kazi ya kuuliza.